Kamera ya Guka na Mtu Aliyenipa Pole

Gilgil, Jumamosi alasiri

Mami,

Mwanangu, umeenda kuwaaga akina mama wa kwaya na umesema utarudi kabla giza halijaingia. Mimi nimerudi kutoka Ndabibi saa nane, bado sijala, na nimekaa kwenye meza yako ya kusomea kwa sababu ndiyo meza pekee humu ndani isiyotikisika. Nataka nimalize kuandika kabla hujafika. Nikikuona uso kwa uso nitaanza kuongea habari za mvua, unanijua.

Mambo ya sweta, dawa za kichwa na nakala za pasipoti sitayagusa. Shangazi yako ameshakufundisha hata namna ya kukaa ndani ya ndege, na yeye ndege ameziona tu zikipita juu ya shamba lake la viazi. Kazi ya hoteli utaijua ukifika Dubai. Kutandika kitanda unajua kuliko mimi.

Nakuandikia kuhusu kamera ya guka, babu yako. Tangu mwezi wa nne hatujaitaja ndani ya nyumba hii, na karibu kila mtu wa kwetu kule Ndabibi anaamini kwamba wewe ndiye uliyeitia mikononi mwa matapeli wa mtandao. Baba zako wadogo wanaamini hivyo. Cucu, mama yangu, ambaye umebeba jina lake, ameacha kukuita wajina. Ni mimi niliyeituma, Wambui. Wewe unajua na mimi najua, na kesho unasafiri ukiwa umebeba kosa langu pamoja na begi lako. Hilo ndilo linalonikata moyo, kuliko hata kuondoka kwako.

Ulikuwa mdogo guka alipofariki, kwa hiyo acha nikuambie kamera hiyo ilikuwa nini kwetu. Guka alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja mwenye shamba Ndabibi. Mzungu alipouza shamba akarudi kwao, wafanyakazi wengine aliwaachia ng'ombe, guka akamwachia kamera ya Kijerumani ndani ya mfuko wa ngozi. Watu walimcheka. Wenzake walitoka pale na maziwa, yeye akatoka na kisanduku. Lakini kisanduku hicho kilitulisha na kutusomesha sisi sote wanne. Alipiga picha za harusi, za ubatizo, za wazee waliotaka kuacha sura zao kwa wajukuu. Mimi nilijifunzia kwenye kamera hiyo, nikiambiwa nishike pumzi kabla ya kubonyeza, na kila mara nikisahau nilipigwa kofi la kisogo. Alipokufa haikupewa mtu. Cucu aliifunga kwa kitambaa chake cha kichwa, akaiweka kwenye sanduku la bati, akasema hiyo ni ya nyumba.

Kisha ukaja mwezi wa kwanza wa mwaka huu, na fujo zake za baada ya uchaguzi. Studio yetu ikavunjwa. Ulikuwa kando yangu tulipofika asubuhi na kukuta mlango umelala chini. Walibeba kamera mbili, taa, mashine ya kuchapisha, hata lile pazia lenye maporomoko ya maji ambalo nusu ya Gilgil ilipiga picha mbele yake Krismasi ya 2007 ikijifanya imeenda matembezi. Mpaka leo najiuliza mwizi wa pazia alilifanyia nini. Ulicheka niliposema hivyo siku ile, halafu tukalia wote wawili tukiwa tumesimama juu ya vioo vilivyovunjika.

Barua yako ya chuo cha uuguzi ilikuwa imefika wiki chache kabla ya hapo. Masomo yalikuwa yaanze mwezi wa tano na mimi nilikuwa sina hata kitu cha kupigia picha ya kitambulisho. Barabara zilipotulia cucu alituita Ndabibi, akafungua sanduku mbele ya wanawe wote, akaniwekea kamera mikononi. Unakumbuka maneno yake. Alisema, "Hii imepiga watu picha miaka mingi. Sasa iende ikamfanye wajina wangu awatibu." Baba yako mdogo Njoroge hakupenda, nilimwona, lakini nani angembishia mama yake.

Nakuambia haya unayoyajua ili uone mahali nilipoanza kupotea. Nilianza kupotea mapema, hata kabla ya ile kompyuta.

Tulienda Nakuru kwa Mzee Gurdev, fundi wa saa na kamera, yule ambaye baba yake pia alikuwa fundi katika chumba kilekile. Aliigeuza kamera, akaweka kile kioo chake jichoni, akatabasamu. "Boss, hii ni mali safi. Baba yangu alishaifungua hii. Huu mkwaruzo ni wake, mpaka alipigwa na mama kwa sababu alikosa usingizi juu yake." Akanitajia bei. "Si bei ya Ulaya. Lakini ni leo, na ni mkononi." Wewe ulikuwa umeshaniambia kwamba kwenye mtandao kamera kama hiyo huuzwa mara tatu ya hapo. Nilimshukuru mzee wa watu, tukatoka, na tulipofika barabarani nikamcheka. Nilisema Wahindi wanatuona washamba. Wewe ulitembea mbele. Ninapokumbuka sasa, mzee yule hakunidanganya neno hata moja, na bei yake ilitosha mwaka mzima wa kwanza wa chuo. Ungekuwa darasani leo.

Nilikuwa na kiburi, Mami. Mtu akiibiwa kila kitu anatafuta mahali pa kuwa mjanja tena, na mimi nilipachagua pale.

Ukanifundisha mtandao wa kuuzia vitu kwenye ile saiba, duka la intaneti lililo karibu na steji ya magari. Ulinivumilia. Mimi ninayejua kumwambia mwanamke ainue kidevu kidogo bila kumwudhi, nilikuwa siwezi kuongoza kile kipanya bila kukiangusha mezani. Ulipiga picha kamera kila upande, hata namba iliyochongwa chini na ule mkwaruzo. Nikakuambia mkwaruzo tuufiche, ukakataa. Ukasema mtu akinunua akijua kasoro hatakuwa na neno baadaye. Halafu ukanionyesha jina langu kwenye skrini.

"Ona, Baba. Jina lako liko na sifuri. Hakuna mtu amewahi kununua kitu kwako, kwa hivyo hawakujui. Tuanze na vitu vidogo. Ile mashine ya guka ya kupima mwanga, ile kamba ya ngozi. Watu watatu hivi wakikusema vizuri, ndio tuweke kamera."

"Chuo kinafunguliwa Mei," nikasema. "Nitauza kamba za ngozi mpaka lini?"

"Sawa. Lakini nisikize. Mtu akikuambia mtoke hapa muongee kando, kataa. Na imeili ikikuambia pesa imeingia, usiamini imeili. Ingia mwenyewe kwa akaunti uone. Usitume hiyo kitu kabla uone pesa na macho yako."

"Hata ikija na muhuri?"

"Hata ikija na muhuri ya Ikulu."

Ulinifanya nirudie kama mtoto wa katekisimu. Nikarudia. Kwa hiyo siwezi kusema sikuambiwa.

Wiki mbili zilipita. Watu waliuliza, wakaona ile sifuri, wakaona Kenya, wakapotea. Mmoja aliandika kwamba hawezi kumtumia pesa mtu asiye na jina katika nchi inayoungua. Hilo sikukuonyesha. Nililisoma mara nyingi, nikiwa peke yangu, kwa sababu nilikuwa nimeshajua kufungua barua bila wewe na nilijivunia.

Ndipo akaja yule aliyejiita Daniel. Barua yake ya kwanza haikuuliza bei. Ilisema, "Nimeona nchi yenu kwenye runinga. Pole sana. Je, familia yako iko salama? Una watoto?"

Mami, sijui kama unaweza kuelewa. Tangu studio ivunjwe hakuna mtu aliyekuwa amekuja hapa kunipa pole. Siwalaumu. Barabara zilifungwa, kila mtu alikuwa na yake, na ndugu zangu walidhani kwa kuwa tuko hai basi tuko sawa. Mama yako angekuwa hai angenipa pole hata kwa kunisonya tu. Na huyu mtu wa mbali, nisiyemjua, akaniuliza kama watoto wangu wako salama. Nilikaa kwenye kiti cha saiba nikafuta macho, mwenye duka akaniuliza, "Mzee, umepata msiba?" Nikamwambia ni vumbi.

Nikamjibu. Nilimwandikia kurasa mbili kwa Kiingereza changu cha darasa la nane. Nilimweleza mlango uliolala chini, na pazia, na jinsi ninavyoogopa usiposoma. Nilimweleza habari za mama yako hospitalini, wiki ile ya mwisho. Nilimwambia mwizi mambo ambayo sijawahi kukuambia wewe mwanangu. Akayajibu yote, moja moja. Alisema anatuombea. Alisema mama yake naye ni mgonjwa, alikuwa mpiga picha ujanani, na angependa aishike kamera kama hiyo kabla hajafa.

Wewe unajua desturi yetu. Mtu akija kwako na pole, unampa chai, mnaongea ya Mungu, na hata kama ana deni lako humtajii. Ukimtajia utasemwa kijiji kizima. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Mimi ambaye katika miaka yangu yote ya studio sikuwahi kumpa mtu picha nne za pasipoti kabla hajamaliza kulipa, hata askari wa kambi ya jeshi, hata pasta, nilishindwa kumwambia Daniel alipe kwanza. Niliona aibu. Niliona nitakuwa nimemtupia pole yake usoni.

Naye alijua. Sasa naona alijua tangu neno la kwanza. Akaniambia tutoke kwenye ule mtandao tuandikiane kando, tusikatwe pesa na wenye mtandao, nami nikatoka. Halafu akaniambia, kwa upole kabisa, "Wewe ndiye mgeni hapa, rafiki yangu. Jina lako lina sifuri. Mimi nimenunua vitu vingi, nawe hakuna anayekujua. Nionyeshe kwamba wewe ni mwaminifu, nami nitakuwa wa kwanza kukusifu mbele ya wote." Nilisoma nikakubali kwamba ana haki. Hebu fikiria. Kitu ni changu, pesa sijaziona, na bado mimi ndiye niliyehisi nina jambo la kuthibitisha.

Kesho yake ikaja barua pepe yenye nembo, rangi na muhuri, ikisema pesa zimepokelewa na zimeshikwa, na zitaachiliwa mara tu nitakapotuma namba ya kifurushi. Wewe ulikuwa umeenda Nakuru kupimwa hospitalini kwa ajili ya fomu za chuo. Nilikukumbuka. Siwezi kusema sikukukumbuka. Nilisikia kabisa sauti yako ikisema niingie kwenye akaunti nione. Lakini nilitaka urudi ukute nimemaliza. Nilitaka siku moja tu, baada ya miezi ile yote, unione tena kama baba anayeweza jambo.

Nikaifunga kwa magazeti na sweta yangu ya kijani, nikaipeleka kwa watu wa vifurushi, nikalipia kwa pesa nilizokopa, nikamtumia Daniel namba. Akajibu mara moja: "Mungu akubariki." Hiyo ndiyo barua yake ya mwisho.

Siku ya tatu nikakuambia. Unakumbuka ulikuwa unakata mboga ya sukuma. Ukaweka kisu chini.

"Umetuma?"

"Nimetuma."

"Pesa umeona wapi?"

"Kwa imeili."

Hukupiga kelele. Ningeshukuru ungepiga. Ulivaa viatu, tukaenda saiba, ukasoma ile barua, ukaingia kwenye akaunti ambayo haikuwa na kitu, ukaniambia polepole, kama unavyomwambia mgonjwa, "Baba, hii barua haikutoka kwa hao watu wa pesa. Ameiandika yeye mwenyewe." Tukaandika kwa wenye mtandao. Wakajibu kwamba kwa kuwa tulitoka kwao tukaongea kando, hawana la kufanya. Tukauliza habari za kifurushi. Kilikuwa kimefika na kimesainiwa. Kwenye kituo cha polisi afisa aliniuliza mshukiwa anaishi wapi, nikasema yuko kwenye kompyuta, akafunga kitabu chake taratibu, akanipa pole. Pole ya kweli, hiyo, na sikuitaka.

Haya yote ningeweza kuishi nayo. Watu hutapeliwa. Njoroge mwenyewe aliwahi kuuziwa ng'ombe tasa mara mbili na mtu yuleyule. Kinachonifanya nisilale ni Jumapili ile ya Ndabibi.

Tulikuwa wote sebuleni kwa cucu. Njoroge akauliza, "Sasa hiyo kamera ya mzee ilienda aje bila pesa? Nani alituma?" Wewe ulikuwa unaingia na birika la chai. Kila mtu akaniangalia mimi. Nami nikasema, "Ni hii mambo ya Wambui ya kompyuta."

Sentensi moja tu. Sikuwa nimeipanga. Ilitoka kama mtu anavyoinua mkono kujikinga. Ukasimama na birika, ukaniangalia, na nilijua ukifungua mdomo nimekwisha mbele ya wadogo zangu. Hukuufungua. Ulimimina chai kikombe kwa kikombe, ukaanza na changu. Njoroge akasema watoto wa siku hizi wanajifanya wanajua kila kitu. Cucu aliendelea kunywa chai yake. Tulipoondoka alikuita wajina kwa mara ya mwisho; tangu mwezi wa tano anakuita kwa jina lako kamili, kama mgeni.

Ningeweza kusahihisha siku ile ile. Ningeweza kesho yake. Kila wiki nilijiambia nangoja wakati mzuri, na kila wiki likawa gumu zaidi, maana sasa nilikuwa na makosa mawili ya kueleza badala ya moja. Mwezi wa tano chuo kikafunguliwa bila wewe. Mwezi wa sita ukaleta fomu za Dubai, nikasaini. Tangu hapo umekuwa ukinijibu nikikuuliza na ukinipakulia nikiwa na njaa, na mengine hakuna. Nilidhani ni hasira. Nilisema moyoni ana haki.

Sikuandikii hivi ili nikupe somo. Mimi na somo wapi na wapi. Lakini kuna kitu kimoja nilichokinunua kwa bei ya kuumiza na sina kingine cha kukupa kesho. Huko unakoenda, Mami, jina lako litakuwa na sifuri. Hakuna atakayekujua. Na atatokea mtu, labda mwenye sauti nzuri, labda wa nchi yetu kabisa, atakayeanza kwa kukuuliza habari za nyumbani. Utakuwa umekaa wiki nyingi bila mtu kukuuliza, na utamu wa kuulizwa utakulegeza. Kisha atakuambia kwamba kwa vile wewe ndiye mgeni, wewe ndiye wa kuonyesha uaminifu kwanza: umpe pasipoti akuwekee, utie sahihi ndipo usome, ufanye kazi mwezi huu na mshahara utakuja na ule mwingine. Usione haya kumwambia asante kwa pole, na kitu changu nakishika mwenyewe. Mtu mwema hataumizwa na neno hilo. Mzee Gurdev hakuumia nilipoondoka. Alinifungulia mlango.

Na usije ukakosa kuniambia kwa sababu ya aibu. Yakikukuta, hata yawe ya kijinga kiasi gani, piga simu uyaseme yakiwa bado madogo. Mimi niliyanyamazia mpaka yakaota mizizi juu yako.

Sasa nikuambie ya leo.

Asubuhi nilikwenda Ndabibi peke yangu. Ulidhani nimeenda kununua viazi vya kesho. Nilimkuta cucu nje, anapeta maharagwe. Nilikaa kwenye kile kigoda cha chini, mimi mzee mzima mwenye mvi, nikamwambia, "Mama, kamera niliituma mimi. Wambui alinikataza. Nilikudanganya."

Aliendelea kupeta. Nilidhani hakunisikia. Kisha akasema, "Nimekungoja tangu Mei."

Nikamwuliza alijuaje.

"Alikuja hapa," akasema. "Mwezi wa tano, ile siku wenzake wanaingia chuo. Alikuja peke yake, kwa nauli aliyoomba kwa shangazi yake. Alipiga magoti hapa hapa penye umekaa, akaniambia ni yeye alituma, niwaambie Njoroge na wengine wasikusumbue tena. Akasema tangu mama yake aende hauna mtu, na ukiaibishwa mbele ya ndugu zako hautainuka. Nikamwuliza mara mbili. Mara mbili akasema ni yeye. Na nimelea watoto wanne, mtu akinidanganya najua."

Nikamwuliza kwa nini basi aliacha kukuita wajina, kama alijua.

Akaweka ungo chini. Akasema, "Sikukasirika juu ya kamera. Nilikasirika kwa sababu mtoto wa miaka kumi na tisa alikuja kudanganya kwa ajili ya mtu mzima, na huyo mtu mzima alikuwa mwanangu. Nikiita hilo jina nilikuwa naona aibu, si yake, ni yangu. Nikasema nitaliita siku utakuja."

Nimetoka Ndabibi mpaka hapa sijui nilipita wapi. Siku ile wenzako wanaingia darasani, na mimi nimekaa hapa nikijionea huruma, wewe uliomba nauli kwa shangazi ukaenda kupiga magoti na kusema uongo ili nisivunjike. Miezi yote hii nilidhani unanyamaza kwa kunichukia. Ulikuwa unanilinda, nami nikakuacha unilinde. Hakuna baba anayepaswa kujua jambo kama hilo kuhusu nafsi yake, na mimi nalijua. Nisamehe, Mami. Sisemi unisamehe kesho, wala mwakani. Nasema tu nimeomba.

Kesho saa mbili watakuja wote kukuombea kabla hatujakupeleka Nairobi. Cucu anakuja pia, ameniambia nimtafutie gari, ila asiwekwe kiti cha mbele. Njoroge atakuwepo na maneno yake ya watoto wa siku hizi. Kabla mtu yeyote hajafungua maombi, mimi nitasimama katikati ya sebule niseme yote: kwamba ulinionya, kwamba niliituma mwenyewe, na kwamba nilikutaja wewe kwa sababu niliogopa.

Nakuomba jambo moja tu. Najua moyo wako. Ukisikia sauti yangu inakatika utataka kuinuka, useme, "Basi, Baba, yameisha," uwapitishie watu chai ili nipate kukaa. Usiinuke. Hata nikilia mbele ya wadogo zangu, hata nikisahau maneno, kaa kwenye kiti chako. Ukinihurumia hapo utakuwa umenibebea tena, na safari hii sitaki. Niache nisimame peke yangu mpaka nimalize.

Baba yako